Fundi Redio na Mashine ya Mtetemo

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Fundi Redio, basi, ingawa redio zenyewe zilikuwa zimeadimika na siku hizi alishinda akihangaika na pasi, feni, majiko ya umeme na chochote chenye waya. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba yake, mlango mmoja ukitazama barabara na mwingine ukitazama ua. Mtu akimletea kitu kilichokufa, hakumuuliza kilikufaje. Alikigeuza, akakinusa, akakitikisa karibu na sikio, kisha akasema, "Njoo kesho." Kwa imani ya Fundi Redio, kila kitu duniani kilikuwa kinangoja tu kufunguliwa skrubu.

Mkewe alikuwa mpishi katika shule ya msingi. Mama mwenye umbo lake, mwepesi wa miguu, mcheshi kazini na mkimya nyumbani. Watoto wa shule walimpachika jina la Mama Upawa kwa sababu upawa haukumtoka mkononi. Hata akiwapanga mstari aliwanyooshea huo huo. Jina likaruka ukuta wa shule likaingia mtaani, na mumewe naye akawa analitumia akitaka kumtania. Walioana zamani. Watoto walishakua wakaondoka, isipokuwa binti yao mkubwa aliyekuwa akiishi mitaa ya jirani na kupita kuwaona. Hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Mke alipika, mume alitengeneza, maisha yakasonga.

Asubuhi moja jikoni kule shuleni, Mama Upawa alihisi kifua kimembana kana kwamba mtu amemkalia. Akadhani ni moshi. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa apumzike kidogo. Jasho jembamba likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito, maumivu yakampanda hadi kwenye taya. Wenzake wa jikoni wakaona rangi ya uso wake imebadilika, wakamwita dereva wa shule, naye dereva akamlaza kiti cha nyuma na kumkimbiza hospitali.

Fundi Redio alifika mbio, shati limetobolewa na cheche za risasi ya kuchomelea, akakuta mkewe ameshaingizwa ndani. Alisubiri ukumbini akipekua mifuko yake bila kujua anatafuta nini. Mwishowe daktari akatoka na kumwambia, "Ni mshtuko wa moyo, mzee. Mshipa ulikuwa umeziba, tumeuzibua. Aliyemleta amemleta kwa wakati. Angechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine."

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza, ingawa Fundi hakulijua. Kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alisimuliwa habari za dereva: dereva alivyopita njia ya mkato, dereva alivyokuwa akimwambia Mama usilale, nisemeshe. Fundi alimshukuru dereva kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka getini. Lakini aliporudi wodini na kusikia hadithi ile ikianza upya kwa mgeni mwingine, kitu kama mwiba kilimchoma. Wakati mke wake anaponea chupuchupu, yeye alikuwa amejiinamia juu ya pasi ya mtu.

Mama Upawa aliporudishwa nyumbani, Fundi alifunga kibanda na kuhamia chumbani. Alipika, vibaya, lakini alipika. Alifagia. Zaidi ya yote alitengeneza. Akafunga kengele kando ya kitanda. Akafunga swichi ya taa mahali ambapo mkono wa mgonjwa ungefika bila kunyooka. Akaweka feni, akaipunguza kasi, akaitilia mafuta isipige kelele. Mkewe alisema ahsante kwa kila kimoja, kisha akageukia ukutani.

"Mume wangu," alimwambia siku moja mchana, "kuna kitu nataka kukwambia."

"Mto? Umelalia vibaya?"

"Siyo mto."

"Basi ni lile dirisha. Nimelisikia linagonga. Subiri nikachukue bisibisi."

Aliporudi na bisibisi, Mama Upawa alikuwa amefumba macho.

Kifua kilipona, lakini miguu iligoma. Kwenda chooni na kurudi tu alihema kama aliyebeba gunia. Daktari akampangia kuhudhuria mazoezi ya wagonjwa wa moyo katika kliniki iliyokuwa nyuma ya hospitali. Ukumbi wenyewe ulikuwa na baiskeli za kukanyaga mahali pamoja, njia ya kutembelea iliyochorwa sakafuni, na pembeni karibu na dirisha, mashine mbili zilizofanana na mizani mikubwa, kila moja na bamba la kusimamia na vyuma vya kushika.

Msimamizi alikuwa binti mwenye nywele fupi na viatu vikubwa vya michezo. Wagonjwa walimwita Mtaalamu. Alimjaribu Mama Upawa kwenye baiskeli, magoti yakakataa. Ndipo akampeleka kwenye bamba.

"Hili linatetemeka, mama. Kiwango ni cha chini. Unasimama, unakunja magoti kidogo, unashika hapa. Misuli ya miguu inajikaza yenyewe kukuweka sawa, na moyo haukimbizwi sana. Dakika chache, unashuka, unakaa, tunakupima, unapanda tena."

"Ndiyo itakayoniponya?"

"Siyo muujiza, na wala si kila mgonjwa anapandishwa. Wenzetu bado wanaichunguza. Wewe daktari ameangalia vipimo vyako akakubali. Itakusaidia kupata nguvu ya miguu ili baadaye utembee, na kutembea ndiko kutakusaidia moyo."

Fundi Redio alikuwa ameshachutama, shavu karibu na sakafu, akichungulia chini ya mashine. "Mota yake iko upande gani?" aliuliza.

"Baba," alisema Mtaalamu kwa upole, "ndugu wa wagonjwa wanasubiri nje. Kuna benchi pale."

Benchi lilikuwa koridoni, mbele ya mlango wa kioo wa ukumbi wa mazoezi. Fundi akakaa. Akamwona mkewe, kibanio cha kupimia mapigo kidoleni, akipanda kwenye bamba kwa woga kama anayeingia kwenye maji asiyoyajua. Mashine ikawashwa. Mashavu ya Mama Upawa yakaanza kutikisika, mikono ikatikisika, na hata kilemba kikatikisika. Kwenye bamba la pili alikuwa amesimama mwanamume mmoja mrefu, mkavu, mwenye kofia iliyopinda upande. Akasema neno. Kwa sababu naye alikuwa anatetemeka, lazima neno lenyewe lilitoka vipande vipande. Mama Upawa akamjibu, naye vipande vipande. Halafu mke wa Fundi Redio akacheka.

Hakutabasamu tu. Alicheka kicheko cha kuvunja mbavu, kichwa nyuma, meno yote nje, machozi yakimtoka na mikono imeng'ang'ania vyuma. Fundi alikisikia kupita kioo. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alikisikia kicheko kile nyumbani, akakumbuka jambo la mwanzoni kabisa mwa ndoa yao, kisha hakukumbuka tena.

Njiani kurudi alijifanya hamnazo.

"Mlikuwa wengi humo ndani?"

"Wachache."

"Nimeona kama kuna bwana mmoja."

"Kuna mabwana watatu."

"Yule wa kofia."

"Aa, Kondakta. Alikuwa kondakta wa mabasi ya masafa marefu. Naye ni mshtuko wa moyo, kama mimi. Alinitania eti tumepanda basi moja na barabara ni mbovu." Akaanza kucheka tena, peke yake, akitazama nje ya dirisha la teksi.

"Ana mke?"

"Alifariki. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Tangu siku hiyo Fundi Redio hakuwa na raha. Kila siku ya kliniki alikaa benchini, macho kwenye kioo. Alijua Kondakta anaanza kupanda na mguu gani. Alijua anapomaliza anabaki kusimama kando ya mashine ya Mama Upawa, kitaulo shingoni, badala ya kwenda kukaa kama wenzake. Nyumbani, maneno ya Kondakta yalitangulia kila kitu mezani: Kondakta amesema chumvi unazoea kuikosa, Kondakta amesema upande ngazi polepole, Kondakta alipata abiria mmoja hivi na hivi. Fundi alitafuna taratibu na kusema, "Enhe."

Akaanza kunyoa kila siku ya kliniki. Akatoa shati la sherehe kabatini. Mwisho akanunua rangi nyeusi ya nywele, akajipaka kibandani mlango umefungwa. Binti yao alipopita jioni alisimama mlangoni akamkodolea macho.

"Baba, umepatwa na nini kichwani?"

"Vumbi la kazi."

"Vumbi jeusi hivyo? Na masharubu je?"

Mama Upawa alikuwa uani akichambua mboga. Aliinua macho, akatazama nywele za mumewe, akatazama mboga zake. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililomuuma Fundi. Kondakta angekuwa amepaka rangi, hadithi yake ingeliwa mezani wiki nzima.

Yote hayo angeyameza. Mtu anaweza kucheka na mtu, si kosa. Lakini siku moja mfanyakazi wa usafi alikuwa akideki ukumbi wa mazoezi, akauacha mlango wa kioo wazi sakafu ikauke, na Mama Upawa na Kondakta wakawa wamekaa viti vya karibu wakisubiri kupimwa. Fundi hakujificha wala hakutega sikio. Maneno yalimfuata yenyewe.

"Mimi siku hizi naogopa kufumba macho," mkewe alikuwa akisema. "Nikisinzia nashtuka. Nahisi nikilala tu, ndiyo basi."

"Umemwambia mzee?"

"Hapana."

"Mimi nilikuwa naweka redio usiku kucha," alisema Kondakta. "Nikiisikia najua bado nipo."

Fundi aliinuka akaenda hadi bombani mwisho wa korido. Akafungua maji, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Kicheko kilikuwa kimemchoma, lakini hili lilimkata. Siri ya mke wake ilikuwa imetoka ikavuka nyumba nzima, ikampita yeye mlangoni, ikaenda kukaa kwa mwanamume mwenye kofia iliyopinda. Na bado mtu mwenyewe alikuwa anatajataja redio.

Sasa mtu mwingine angemkalisha mkewe chini akamuuliza. Fundi Redio alifungua kibanda. Mashine zile ndizo zilizowakutanisha, aliwaza, kwa hiyo dawa yake ni mashine. Akaburuta kutoka pembeni mashine ya kufulia iliyotelekezwa na mwenyewe, akaing'oa mota. Kwenye mhimili wa mota akafunga kipande cha chuma upande mmoja tu, ili ikizunguka iyumbe. Akaipachika chini ya ubao mnene, ubao akaukalisha juu ya vipande vya tairi, pembeni akachomelea bomba la kushikia. Alifanya kazi siku kadhaa akipiga mluzi.

Binti yao alichungulia. "Hicho nini?"

"Cha mama yako. Hatakuwa na haja ya kuhangaika kwenda kule."

"Kliniki wanajua?"

"Mota ni mota, mwanangu. Tofauti yao ni rangi tu."

"Baba, ongea nao kwanza."

"Nitaongea nao," alisema Fundi, akijua hataongea nao.

Alasiri iliyofuata alimwita mkewe kibandani. Alikuwa amefagia, ameweka kiti, na ubao ameupaka rangi ya kijani kibichi. Mama Upawa aliuzunguka mtambo ule.

"Umenitengenezea mimi?"

"Nani mwingine? Utafanya hapa hapa nyumbani, muda unaotaka. Hakuna teksi, hakuna benchi. Kliniki tunawaaga kwa heri."

"Tunawaaga?"

"Panda kwanza ujaribu."

Mama Upawa alimtazama kwa muda mrefu. Baadaye alikuja kusema kwamba alishajua si jambo la busara, lakini aliona jinsi alivyokuwa amepaka ule ubao, hata kwa chini ambako hakuna wa kupaona, akashindwa kumvunja moyo. Akavua kandambili, akapanda, akakunja magoti kama alivyofundishwa, akashika bomba.

Fundi akabonyeza swichi.

Ubao haukutetemeka, uliruka. Uliruka na kugonga sakafu kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, vikopo vya skrubu vikaanza kudondoka rafuni, meno ya Mama Upawa yakagongana. Alitaka kusema zima, ikatoka "zi-zi-zi." Fundi akakimbilia swichi, lakini ubao ulishauvuta waya na swichi ikawa inarukaruka sakafuni kama samaki. Akaikosa mara ya kwanza, akaikosa tena, mwisho akashika waya na kuung'oa ukutani. Kimya kilipoingia, mkewe alikuwa ameketi chini, ameegemea mguu wa meza, uso umekuwa wa kijivu, kiganja kimekandamiza kifua.

"Unakimbia," alisema kwa sauti ndogo. "Moyo unakimbia."

Fundi Redio hakumbuki alivyoipata teksi. Anakumbuka tu kwamba alikuwa amemkumbatia kiti cha nyuma na alikuwa akimwambia, "Usilale, nisemeshe, nisemeshe," na kwamba katikati ya hofu yote ile alitambua ni maneno ya dereva.

Kule kliniki walimpima wakampima tena. Haukuwa mshtuko mwingine. Presha ilikuwa imeshuka na moyo ulikimbia kwa fadhaa. Wakampumzisha kitandani wamtazame hadi wajiridhishe. Mtaalamu alikuja akaketi benchini pembeni ya Fundi. Hakufoka, na Fundi alitamani afoke.

"Ilikuwa inatetemeka mara ngapi kwa sekunde, Baba?"

"Sijui."

"Ilikuwa inaruka kiasi gani?"

Fundi akaonyesha kwa vidole viwili. Mtaalamu akavitazama vile vidole, akavuta pumzi.

"Ya kwetu husogea kama unene wa sarafu. Na kabla hajapanda, ulimpima presha?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Kuna shida ya kufika hapa? Usafiri? Kama ni hivyo tuambie."

"Hakuna shida."

"Basi kwa nini?"

Mlango wa kioo ulifunguka na Kondakta akatoka, kofia mkononi, amemaliza zamu yake. Kichwani alikuwa na kipara. Aliuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Mama Upawa vipi? Nimesikia ameletwa." Fundi akamtazama yule mtu, kitaulo chake, kipara chake, na jinsi alivyolitamka lile jina kana kwamba amelizoea, kisha akainuka akaenda kumwona mkewe.

Alipoingia alimokuwa amelazwa mkewe, Mama Upawa alikuwa ameinuliwa kidogo kwa mito, rangi imemrudia. Fundi alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kaa," alisema mkewe.

Akakaa.

"Sasa niambie ukweli. Kile kitu ulikitengeneza cha nini?"

Fundi aliangalia viatu vyake. "Wivu," alisema.

"Nini?"

"Nimesema wivu. Wewe na yule bwana. Unacheka naye. Mimi hujanichekea hivyo tangu..." Akaacha.

Mama Upawa alitoa macho. "Wivu? Kwa magoti haya? Nimesimama pale natikisika kama mfuko wa viazi, mashavu yanapiga makofi, na wewe unaona mapenzi?" Kwa muda ilionekana atacheka, lakini hakucheka. Uso ulibadilika akawa na hasira ya taratibu. "Ungeweza kuniua. Unajua hilo?"

"Najua."

"Kwa wivu."

"Na nilisikia ukimwambia kwamba unaogopa kulala. Yeye. Si mimi."

Nje, kitoroli cha dawa kilipita kikilia gurudumu moja, na mkono wa Fundi ukajiendea wenyewe kwenye mfuko wenye bisibisi. Mama Upawa akauona.

"Ndiyo sababu," alisema. "Hiyo hapo. Mimi nikikwambia kitu, wewe unatafuta cha kukaza. Nimekwambia nina jambo, umekwenda kurekebisha dirisha. Nikikwambia naogopa kufa utanifanyia nini? Utanifungia kengele nyingine? Kondakta hana cha kunitengenezea. Anasikia, anasema hata mimi, basi. Nilitaka mtu wa kusema hata mimi."

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa na majibu, yalikuwa mengi, na yote yalikuwa na waya ndani yake. Akaufunga. Kisha akasema, "Mimi silali."

"Hulali?"

"Tangu ulipotoka hospitali. Nakusikiliza unavyopumua. Nikidhani umeacha nasogeza mguu nikuguse kidogo, nione kama utajigeuza."

"Kumbe ule mguu."

"Ndiyo huo."

"Mimi nilikuwa macho," alisema Mama Upawa polepole. "Nilikuwa najifanya nimelala ili wewe ulale."

Wakatazamana. Walikuwa wamelala kitanda kimoja majuma yote yale, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwa mkoromo wa bandia. Mama Upawa akajifuta jicho kwa pembe ya shuka. "Na hizo nywele," alisema, "ziache ziote zilivyo. Unafanana na picha ya kitambulisho cha mtu mwingine."

Mtambo wa kijani ulivunjwa kesho yake. Mama Upawa alipumzishwa kidogo, kisha daktari akamruhusu kurudi kliniki na Mtaalamu akaanza naye upya, kwa kiwango cha chini zaidi. Safari hii alimwita Fundi ndani, si kwa sababu ya mashine, bali amfundishe cha kutazama: mgonjwa akikosa pumzi ya kuongea, asimame hapo hapo; akitokwa jasho la baridi, akae; kifua kikibana, asingoje, aletwe hospitali. Akawapa kazi ya kutembea pamoja jioni. Fundi aliuliza maswali yote isipokuwa la mota.

Mtu asidhani wivu ulimwisha. Ulipungua sauti tu. Mkewe akicheka kwenye bamba, bado kitu kilimfinya, akawa anauma meno na kusoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani. Siku moja Kondakta alitoka mapema akaja kuketi naye benchini.

"Bwana Fundi," alisema, "sisi ni watu wazima, nikwambie ukweli. Mkeo nampenda mazungumzo yake. Angekuwa hana mtu, ningejaribu bahati yangu."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua kabla yako."

Kondakta alitikisa kichwa, akaigeuzageuza kofia. "Lakini basi lenyewe limejaa. Mwanamke kila kituo anamtaja mumewe. Mara swichi, mara feni. Hata akikusengenya anakusengenya kwa raha. Nami nikitoka hapa narudi kwenye chumba ambacho taa ikiungua inabaki imeungua."

Fundi alitaka kumchukia mtu huyu kama alivyozoea kumchukia, akakuta chuki imepungua makali.

Miguu ya Mama Upawa ilikaza. Kutoka kwenye bamba akahamia njia ya sakafuni, kutoka hapo akahamia barabara ya mtaani, mumewe ubavuni, wakisimama kila anapotaka kuvuta pumzi. Muda ulipofika alirudi shuleni, lakini si kuinua masufuria. Wenzake walimwekea kiti, yeye akawa wa kuonja chakula na kutoa amri. Nyumbani sasa kulikuwa na maongezi. Wakati mwingine alisema tu, "Leo nimeogopa," na Fundi, mikono imekaa mapajani, akasema, "Hata mimi." Mara nyingine alisahau akainuka kutafuta koleo, mkewe akamwangalia, akaketi.

Kondakta alipomaliza mazoezi alianza kupita kibandani. Mara ya kwanza alileta redio yake, ile ya kulalia. Mama Upawa akamkaribisha chai uani, na Fundi akaitengeneza redio haraka kuliko alivyowahi kutengeneza kitu maishani mwake, akamkabidhi wakati kikombe chake cha chai kikiwa bado nusu. "Tayari, bwana. Kwaheri." Kondakta akashukuru akaenda.

Wiki iliyofuata akaja na pasi.

"Imekufa ghafla," alisema, akivua kofia. "Nimeichomeka, kimya."

Fundi aliigeuza, akainusa, akaitikisa karibu na sikio. Akafungua skrubu za mkia. Waya mmoja ulikuwa umechomolewa mahali pake, ukanyooshwa vizuri, na kando ya skrubu kulikuwa na mikwaruzo mipya ya kisu cha mezani. Hakuna hitilafu nyingine yoyote. Alimtazama Kondakta, na Kondakta akatazama dari. Kutoka uani sauti ya Mama Upawa ikauliza ni nani amekuja.

"Ni Kondakta," alijibu Fundi. "Ameleta pasi."

"Imeharibika sana?"

Fundi Redio alirudisha kifuniko taratibu, bila kuugusa ule waya, akaiweka pasi rafuni nyuma ya vitu vingine.

"Sana," alisema. "Itachukua muda." Akamwonyesha Kondakta mlango wa uani, akachukua kigoda chake cha kazi, akamfuata, na walipofika kwenye chai akakiweka kigoda katikati yao wawili, akakaa.